Kichaka Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Tarehe 28 Oktoba

Wamenicheka. Ukumbi mzima wa maktaba, watu kumi na tisa na darubini zao shingoni, wamenicheka mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na nane. Basi naandika, na nitaandika mpaka wino uishe.

Ilikuwa hivi. Chama cha wapenda ndege wa mji wetu kinatunga kijitabu cha mahali pa kutazamia ndege wageni, wale wadogo waimbaji wanaokuja kukwepa baridi ya kwao na kuondoka mvua kubwa zikishaanza. Tangazo lilibandikwa mpaka hospitalini kwetu, karibu na dirisha la dawa: kila mwananchi anakaribishwa kupendekeza. Na mimi ni mwananchi. Wakataja bwawa, makaburi ya zamani, bustani ya chuo cha ualimu, uwanja wa gofu. Nikanyoosha mkono nikasema: nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali. Hapo ndipo walipocheka.

Mwenyekiti wao ni mzee mrefu, nimeshampa jina la Bwana Darubini. Akaniuliza, kwa ule upole wa kuudhi, nimeona ndege gani huko kwenye mapovu. Nikamtajia. Majina ya kitabuni siyajui, nina yangu: Kofia, ambaye dume lake lina kofia nyeusi na jike la kahawia. Mkia Moto. Kibichi, asiyetulia hata nukta moja. Na Cherahani, ambaye haonekani, ila siku chache kabla ya kuondoka husikika chini kabisa ya kichaka akishona pindo lisilokwisha. Kwa Cherahani mzee hakucheka. Alisema huyo anamtafuta mwaka wa kumi na moja sasa, na hawezi kuishi nyuma ya dobi. Nikamwambia labda ndege mwenyewe hajaambiwa.

Kanuni yao ni hii. Mahali hapaingii kitabuni mpaka pahesabiwe msimu mzima na watu wawili, kila mtu na kumbukumbu zake, bila kunakiliana. Na mahali palipoingia kitabuni, halmashauri ya mji hairuhusu pafyekwe. Hilo la mwisho ndilo lililonipeleka pale. Katibu wa hospitali ameshachora ramani: kichaka changu kiondolewe mwezi wa nne, pajengwe banda la magari ya wakubwa.

Daftari hili lilikuwa la kupokelea mashuka. Lilimwagikiwa dawa ya madoa likatupwa. Nimeliokota.

Tarehe 29 Oktoba

Kofia wawili, Kibichi mmoja. Mashuka mia mbili na kumi.

Tarehe 1 Novemba

Nimejaza fomu ya matengenezo, kama kila tarehe mosi. Bomba la maji safi linavuja nyuma ya ukuta wetu, huu mwaka wa sita. Kutoka mlangoni hadi kwenye kamba za kuanikia tunapita kwenye tope, na kila wiki mmoja wetu anateleza na beseni zima. Nimejaza na fomu ya mashine ya kukaushia, mbovu mwaka wa pili. Katibu ana kabati la fomu zangu. Nikistaafu mwakani nitaomba wanipe niwashie jiko.

Kofia watatu. Mkia Moto mmoja, juu ya kibanio.

Tarehe 6 Novemba

Shahidi wa pili nimempata: mlinzi wa geti la nyuma. Anakaa mchana kutwa akitazama upande ule ule.

Tarehe 9 Novemba

Shahidi wa pili nimemfukuza. Ameandika "ndege wengi" siku tatu mfululizo, na siku ya tatu alikuwa likizo.

Tarehe 15 Novemba

Niseme ukweli wa jambo hili, maana daftari ni langu.

Mume wangu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa hapa hapa. Mwisho wake aliupatia wodi ya sita, ghorofa ya tatu, kitanda cha dirishani, wiki tisa. Chini ya dirisha ni kamba zetu, na nyuma ya kamba ni kichaka: mforosadi mmoja, matete, na miiba iliyoshikana hata paka hapenyi. Kila mchana nilipanda na fulana yake safi, naye akanihadithia nani kaingia na nani katoka kichakani, kama mtu anayesimulia mambo ya majirani. Cherahani, ni yeye aliyemsikia kwanza. Siku mbili kabla hajaondoka alinishika mkono akasema, "Mimi sitamaliza. Nihesabie." Nikamwambia aache upuuzi, atahesabu mwenyewe. Hiyo ni miaka mitatu sasa, na nimekuwa nikihesabu kichwani tu.

Basi kama kuna mtu anadhani nitakaa kimya wapaegeshe magari pale, hanijui.

Tarehe 16 Novemba

Kwa nini simwombi wifi awe shahidi? Kila mtu angeuliza hivyo. Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye mpiga pasi wetu, na dirisha lake linatazama kichaka kuliko langu. Simwombi kwa sababu siku ya mazishi alisema mbele ya waombolezaji wote, "Mtazameni mke wa kaka yangu. Macho makavu." Sikulia, ni kweli. Nilikuwa na watu mia wa kuwakaribisha na jeneza ambalo halikutosha mlangoni. Tangu hapo tunazungumza mashuka tu. "Haya ya wodi ya pili." "Yaweke." Salamu hakuna. Miaka mitatu tunapishana kwenye mlango mmoja, na sioni nilichopungukiwa.

Tarehe 2 Desemba

Kofia watano, Kibichi wanne, Mkia Moto wawili. Nimejaza fomu, jana ilikuwa Jumapili.

Tarehe 12 Desemba

Bwana Darubini amepita kuangalia. Viatu vyake vimezama topeni, akasema mazingira si rafiki. Nikamwambia ndege hawajalalamika. Hakuona kitu, maana alikuja saa saba mchana, saa ambayo hata mimi nisingeonekana kama ningekuwa na mbawa. Akauliza shahidi wangu wa pili ni nani. Nikasema anakuja. Sikuwa na mtu. Nilisema tu nisionekane sina mtu.

Tarehe 25 Desemba

Zamu. Kofia watatu.

Tarehe 7 Januari

Siku imenyooka. Fundi bomba amekuja, bila hata kuitwa mara ya pili mwezi huu. Wakaguzi wanakuja mwezi ujao, Katibu kashtuka, kafungua kabati, na fomu ya kwanza kuangukia mkononi ilikuwa yangu. Fundi kakata bomba, kaunga, kafunga, hakuna tone. Ananiambia, "Mama, umeshinda." Nikasaini kwa herufi kubwa: KAZI IMEFANYIKA VIZURI. Nikamchemshia chai kwa mikono yangu. Miaka sita.

Tarehe 8 Januari

Nimepita na beseni nimevaa ndara. Nimejisikia malkia.

Tarehe 19 Januari

Jua kali. Kibichi mmoja.

Tarehe 23 Januari

Matete yameanza kugeuka rangi. Kofia mmoja, kafungua mdomo, haimbi.

Tarehe 24 Januari

Hakuna.

Tarehe 25 Januari

Hakuna.

Tarehe 26 Januari

Ni mimi. Sina wa kumlaumu.

Leo nimekwenda kushika udongo chini ya mforosadi. Umekuwa unga. Lile tope tulilokuwa tukiteleza ndilo lililokuwa likikinywesha kichaka. Tope lilileta wadudu, wadudu walileta ndege. Kiangazi chote cha mji huu, miaka sita, paliponyauka kote, pangu palibaki kijani, nami nikadhani ni baraka. Kumbe ni bomba. Na ni mimi niliyeandika fomu sabini na kitu kuomba lizibwe, kwa kalamu nyekundu, na nikaweka sahihi. Hata chai nilimchemshia.

Kwanza nilitaka kumtafutia wifi kosa. Nikajiambia ndiye kaenda kwa Katibu, anajua ninachokitafuta, kanifanyizia. Nimeitafuna hiyo fikra toka asubuhi hadi saa nane na haikunishibisha, kwa sababu fomu ina mwandiko wangu.

Nimemwendea fundi nikamwomba alegeze ile nati. Amecheka akakataa, akasema atafukuzwa kazi, akaniuliza kama niko sawa. Basi. Maji ya mwisho ya kusuuza hayana sabuni, tunayamwaga tu kwenye mfereji kila siku. Kuanzia kesho hayatauona mfereji.

Tarehe 27 Januari

Ndoo kumi na nne. Hakuna ndege.

Tarehe 28 Januari

Ndoo kumi na nne. Hakuna.

Tarehe 3 Februari

Ndoo kumi na sita. Katibu kaniona, kaniuliza namwagilia nini. Nikamwambia nasafisha ndoo.

Tarehe 8 Februari

Mgongo unaniuma mpaka kwenye meno. Ndoo kumi. Kibichi mmoja! Alikaa kidogo kwenye tete bichi, akaondoka. Nimejikaza kisabuni miaka thelathini na mmoja katika chumba hiki, siwezi kushindwa na ndoo.

Tarehe 17 Februari

Jambo la ajabu. Nimefika saa kumi na mbili asubuhi, na udongo chini ya mforosadi umelowa. Mvua hakuna.

Tarehe 18 Februari

Umelowa tena. Kofia wawili.

Tarehe 19 Februari

Nimefika saa kumi na moja na nusu nikajibanza nyuma ya pipa la nguo chafu. Ni wifi. Kajifunga kanga kiunoni, anabeba ndoo mbili mbili, anamwaga taratibu kwenye mizizi kama mtu anayemwogesha mtoto. Ndoo ishirini. Halafu kakausha miguu, kaingia kuwasha pasi. Nami nikaingia kama ndiyo kwanza nafika, nikamwambia haya ni ya wodi ya watoto. Akasema yaweke.

Sijui niandike nini. Najua tu kwamba leo mgongo wangu umepumzika.

Tarehe 24 Februari

Wifi alikuwa kwa daktari wa meno, nikaingia chumba chake kutafuta wanga wa kukazia makoti. Rafu ya foronya ilikuwa imesogezwa kidogo. Nyuma yake ukuta wote, kutoka kiunoni hadi sakafuni, umejaa alama za penseli. Tarehe, na vijistari. Kofia kamchora kofia. Mkia Moto kamchora mkia. Cherahani kamwekea sindano. Misimu mitatu, huu ukiwa wa nne, hajakosa siku ya kazi. Tarehe ya kwanza juu kabisa ni siku ya tatu baada ya mazishi.

Nilikaa chini kwenye kikapu. Alinikuta pale, shavu limemvimba.

"Kaka aliniambia nimhesabie," akasema.

"Lini?"

"Ile Jumanne. Ulipokuwa umeshuka kufua."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Mwanamume anagawa siri moja kwa wanawake wawili, kila mmoja anajiona ndiye aliyeteuliwa, kisha anakwenda zake. Nikamwambia wifi hivyo hivyo. Naye, na jino lake bovu, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Akasema alikuwa hivyo tangu utoto: alimwahidi kila mtu kiti cha mbele garini. Ni kweli. Hata mimi alinichumbia kwa kiti hicho.

Juu ya macho makavu hakusema neno, nami sikumuuliza. Lakini ameniita wifi.

Tarehe 25 Februari

Ndoo thelathini, watu wawili. Kofia wanne, Kibichi wawili. Tumekubaliana: sitazami ukuta wake, hatazami daftari langu. Tukiona ndege tunageuziana migongo.

Tarehe 14 Machi

Ndoo thelathini. Mawingu mazito, hayanyeshi. Mkia Moto mmoja.

Tarehe 22 Machi

Mvua. Ndoo zimepinduliwa, tumekaa juu yake tukanywa chai.

Tarehe 29 Machi

Bwana Darubini atakuja Jumamosi ijayo, tarehe 5, kukagua na kusaini. Tarehe hiyo nimeibandika mlangoni kwetu. Nilipaswa kujua kwamba mlango huo Katibu naye anaupita.

Tarehe 31 Machi

Leo naandika mengi.

Saa mbili asubuhi wamekuja wanaume wanne na mapanga na msumeno wa mafuta. Kazi ilikuwa ya mwezi wa nne, imesogezwa. Wifi ndiye aliyewaona kwanza kwa dirisha lake. Hakuja kuniita, alipiga pasi mezani mara tatu, na mimi nilijua. Sijui nilijuaje.

Sasa, ukutani kwetu pana ubao ambao Katibu mwenyewe aliuandika mwaka ule wa homa ya kuambukiza, na sahihi yake iko chini: NGUO ILIYOFULIWA HAIGUSWI NA ASIYE WA IDARA YA KUFULIA, KWA SABABU YOYOTE. Nimeufuta vumbi ubao huo kila Ijumaa. Na stoo tuna mashuka sitini na manne ya kijani, ya chumba cha upasuaji, yaliyochakaa, yanangoja kufutwa orodhani. Nikamwambia wifi, "Ya kijani." Tukayachovya majini, tukatoka nayo. Tukafunga kamba kutoka nguzo ya kwanza hadi mforosadi, kutoka mforosadi hadi ukuta wa jenereta, tukazungusha hadi nguzo ya pili. Walipomaliza kutia mafuta kwenye msumeno, kichaka kilikuwa kimezingirwa na mashuka mabichi, na kuingia ni kwa kuyashika tu.

Mwenye msumeno akanyoosha mkono. Nikamwonyesha ubao. Akausoma polepole, akaurudisha mkono mfukoni. Mtu wa haki.

Katibu akaja na mwavuli, maana ilikuwa imeanza kunyesha. Alitazama mashuka, akatazama mbingu. "Mama Shuka, unaanika kwenye mvua?"

Nikamwambia mashine ya kukaushia ni mbovu, fomu ziko kabatini kwake, ishirini na nane. Nikamwambia haya ni ya upasuaji. Shuka linalongoja kufutwa na lile zima yeye hawezi kuyatofautisha, ofisini kwake hakuna kitanda. Akasema niyatoe. Nikasema hayajakauka. Akauliza yatakauka lini.

"Jua likitoka, Bwana Katibu."

Akasema atanichukulia hatua. Nikamwambia achukue, nimebakiza miezi minane kustaafu na sijui atanifukuza niende wapi ambako sikuwa nakwenda. Aliponipa kisogo nikakaza fundo la kamba. Wifi alinishika kiwiko, akanishikilia mpaka wanaume wanne walipopandisha msumeno garini.

Tarehe 1 Aprili

Mvua. Hayajakauka. Kichakani kimya, mashuka yamewatisha. Najiuliza: je, kama nimewafukuza mwenyewe, mara ya pili?

Tarehe 2 Aprili

Mvua. Hayajakauka. Kofia mmoja, kakaa juu ya kibanio, kanya kwenye shuka. Tumefurahi kupita kiasi.

Tarehe 3 Aprili

Jua limetoka saa tano. Tumeyalowesha upya.

Tarehe 5 Aprili

Bwana Darubini amefika saa kumi na mbili kasorobo na wenzake wawili. Nimejua sasa anajua saa ya kuja. Nilimpandishia shuka moja akainama akaingia, nikampa ndoo akalie. Wenzake wakasimama. Wifi alibaki dirishani kwake, kanuni ni kanuni.

Mvua ilikuwa imekatika. Matete yalidondosha maji. Dakika kumi, kitu hakuna. Kibichi akapita. Kofia, na mkewe. Mzee akaandika. Dakika ishirini. Nikaanza kuomba msamaha moyoni, sijui nani nilikuwa namwomba. Halafu chini kabisa, kwenye miiba ambako hata paka hapenyi, cherahani ikaanza. Kwanza kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu uzi. Kisha moja kwa moja, pindo refu, bila kupumua.

Mzee hakushika darubini. Alivua kofia yake akaiweka gotini, akakaa hivyo mpaka ndege aliponyamaza. Kamasi zilimtoka na hakufuta.

Baadaye akasoma daftari langu, ukurasa kwa ukurasa, akaingia kwa wifi akapiga magoti mbele ya ukuta. Akalinganisha. Palipotofautiana ni kwa ndege mmoja au wawili, na siku ambayo mimi nilikuwa na homa yeye anayo. Siku za Januari zisizo na ndege zina sifuri kote, kwangu na kwake. Ndipo akasimama akauliza swali lake, lile nililokuwa naliogopa, kwamba watu wa jengo moja, ndugu wa ukoo mmoja, atajuaje hatukunakiliana.

Wifi akajibu kabla yangu. "Sisi? Hatukuwa tunasalimiana."

"Tangu lini?"

"Tangu mstari ule wa juu."

Akautazama mstari wa juu, akatutazama sisi. Akasaini. Miaka mitatu ya kununiana, na leo imekuwa na kazi.

Tarehe 11 Aprili

Barua ya halmashauri imefika. Kijitabuni sisi ni mahali pa kumi na moja: "Nyuma ya chumba cha kufulia, hospitali. Njooni alfajiri. Msiguse mashuka." Banda la magari litajengwa kwingine. Katibu alikuja mwenyewe kutuambia, akasimama kwenye tope la mvua na viatu vyake vizuri, akauliza kama Cherahani bado yupo. Nikamwambia yupo. Akasikiliza kidogo, hakusikia kitu, akaondoka. Si mtu mbaya kihivyo. Mashuka nimeyaanua yakiwa makavu.

Tarehe 14 Aprili

Nimejaza fomu ya matengenezo: naomba bomba lirudishwe kuvuja. Kalamu nyekundu. Fundi amefunga kijibomba chembamba chenye koki, kielekee mforosadi. Safari hii chai kachemsha yeye.

Tarehe 16 Aprili

Kibichi mmoja. Cherahani kimya.

Tarehe 19 Aprili

Hakuna.

Tarehe 20 Aprili

Hakuna.

Tarehe 21 Aprili

Hakuna. Wameondoka wote. Nilisimama kwenye kamba na fulana ya mgonjwa fulani mkononi, nyeupe, ya saizi yake, nikajikuta natazama juu dirisha la ghorofa ya tatu nimwambie hesabu imekamilika. Nikalia. Si kidogo, nimelia kwa sauti, na pua, na vibanio vyote vikamwagika, mchana kweupe mbele ya wodi nzima.

Wifi alikuwa dirishani. Ameona. Nikamwambia achukue penseli aandike.

Ameandika. Nimekwenda kutazama: tarehe ya leo, na chozi moja. Nimemwambia yalikuwa mengi kuliko hayo, aongeze.